Nywila ya kubadili kila mwezi

Ndugu, unasema mfumo wa kazini unakulazimisha kubadili nywila kila baada ya siku 30, nawe unaishia kuongeza namba tu mwishoni. Wengi hufanya hivyo hivyo, na lawama naipeleka kwa aliyeweka sharti hilo. Tangu 2017 NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, inashauri mtu asilazimishwe kubadili nywila kwa kufuata kalenda, bali pale kunapokuwa na dalili kwamba imevuja. Aliyeipata “Simba07” ya zamani, kitu cha kwanza atakachojaribu ni “Simba08”. Waonyeshe mafundi wenu waraka wa NIST wenye ushauri huo, SP 800-63B, ila usitegemee wabadilike kesho.

Kwa sasa tumia programu ya kutunza nywila, kama Bitwarden au KeePassXC, ikutungie na kukukumbushia. Wakikataza kuisakinisha kwenye kompyuta ya ofisi, weka Bitwarden kwenye simu yako, maana KeePassXC ni ya kompyuta tu. Ile ya kuwashia kompyuta, ambayo lazima uichape mwenyewe, itunge kwa maneno manne au matano yasiyohusiana. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nywila uombwe kitu kingine, kama msimbo kwenye simu. Na hiyo ya kazini, tafadhali, isiwe ndiyo ya barua pepe yako binafsi.