Vijana, nafasi ya kati itawamaliza

Jumamosi hii tena, kwenye meza ya poka hapa Kabalagala, Kampala, nimemwona kijana akipandisha juu ya dau la kiti cha kwanza (anayeamua wa kwanza), mkononi ana esi na kumi. Yuko nafasi ya kati, yaani zamu yake iko katikati ya mzunguko, na watu watano nyuma yake hawajaamua. Nilinyamaza kwa sababu mkono ulikuwa unaendelea na si adabu kuingilia. Sasa nasema. (Kama hujafikisha miaka 25, sheria ya michezo ya kubahatisha ya 2016 haikuruhusu kukaa pale. Endelea na matatu, karata zetu za nyumbani.)

1. Esi si mungu. Ugonjwa huu tumeutoa kwenye matatu. Kule ukishika esi unageuza mchezo uende kwenye rangi uitakayo, wenzako wanabaki kuguna. Kwenye poka, anayefungua (anayeweka dau la kwanza) kutoka kiti cha kwanza mara nyingi naye anayo esi, na ya kwake imeongozana na kingi au kwini.

Somo hilo nimelilipia. Blaindi (madau ya lazima kabla ya karata) 5,000 na 10,000, mbele yangu shilingi milioni moja. Mzee mmoja mfanyabiashara, tangu aagize chai ya maziwa hajacheza mkono hata mmoja, anaweka 30,000 kutoka kiti cha kwanza. Mimi nina esi na jeki. Mwenye akili zake analaza karata, anauacha mkono. Mimi nikapandisha, tena kwa woga: 60,000, bei ya kukaribisha wageni. Batani (kiti cha mgawaji, karibu na mwisho wa zamu) akafuata, yaani akaweka kiasi hicho hicho, aliyeweka blaindi kubwa akafuata, mzee naye akafuata bila kuinua macho kwenye kikombe. Flopu, karata tatu za wazi mezani: esi, tisa, nne. Roho ikatulia kabisa. Blaindi akagonga meza (akapita bila kuweka dau), mzee akagonga meza, nikaweka 120,000. Wawili wakalaza, mzee akafuata. Karata ya nne ikaja mbili, nikaweka 300,000, akafuata. Hapo hata mtoto angeshtuka. Ya tano ikaja saba, nikasukuma 520,000 zilizobaki huku nikijipa moyo kwamba ana jozi ya kwini. Kwini alikuwa nayo kweli, moja, na pembeni yake esi; esi zetu sawa, ila kwini yake inaizidi jeki yangu. Akavuta chipu polepole, akaniambia, "Mwanangu, esi nilikuwa nayo kabla yako." Nilirudi nyumbani kwa boda ya mkopo.

2. Kiasi cha kupandisha: mara tatu ya dau la aliyefungua, na kwa kila aliyefuata katikati ongeza dau moja. Kwa 30,000 weka 90,000. Akiwepo mfuasi mmoja, 120,000.

3. Wahesabu walio nyuma. Jozi za kwini, kingi na esi, pamoja na esi-kingi, ni mikono 34 kati ya 1,326 ya karata mbili inayowezekana. Kwa mtu mmoja ni kidogo. Kwa watu watano, karibu mara moja katika kila nane kuna aliyekalia mkono wa namna hiyo akikusubiri umalize. Ndiyo maana mkono unaoupandisha tena ukiwa batani, ukiwa kati unaulaza. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka, bado naambiwa, "Lakini mkubwa, yule alionekana kuogopa." Kuogopa wapi? Alijikuna sikio.

4. Esi-kingi na kwini mbili, pandisha bila kuniuliza.

5. Ukitaka kudanganya, yaani kupandisha na mkono dhaifu ili walaze, chukua esi na karata ndogo ya rangi moja nayo, tuseme esi na tano. Ukiishika esi moja, njia za mwenzako kupata jozi ya esi zinashuka kutoka 6 hadi 3, na za esi-kingi kutoka 16 hadi 12. Akifuata, bado unaweza kupata karata tano za rangi moja au tano za mfululizo. Ila chagua wa kumdanganya: awe mtu ambaye umemwona kwa macho yako akilaza baada ya kupandishiwa. Yule anayekuja Ijumaa na mshahara mzima, anayetaka kuona flopu ya kila mkono, huyo usimletee esi na tano. Mngoje na kwini mbili, halafu mtoze zaidi ya mara tatu. Atafuata tu.