Je, Mkenya anaweza kupata viza ya kufanya kazi huku akitalii?

Ndugu uliyeuliza kama umlipe wakala shilingi 85,000 ili akupatie viza ya mwaka mmoja ya kufanya kazi na kutalii Australia, usilipe. Viza ya namna hiyo ipo kweli: Australia inaitoa tangu mwaka 1975, na vijana wa Uingereza, Japani na kwingineko huitumia kuchuma matunda mashambani kwa miezi kadhaa, kisha wakaizunguka nchi kwa pesa walizopata. Lakini hutolewa kwa mapatano baina ya serikali na serikali, na Kenya haimo katika orodha ya Australia, wala ya Kanada, wala katika mpango wa Uingereza wa viza kama hiyo kwa vijana. Umri wako wa miaka 24 unafaa; kinachokukwamisha ni pasipoti, na hilo hakuna wakala wa kulitatua.

Nayasema haya kwa kuwa mwaka 2019 mimi nililipa. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa, na risiti niliyopewa ilitoka katika kile kitabu cha kawaida chenye karatasi ya kaboni. Palipoandikwa "malipo ya", binti wa mapokezi alijaza neno moja tu: "huduma". Neno hilo ndilo lililoniangusha nilipokwenda kudai, kwa maana walinitolea nakala yao wakaniuliza, kwani fomu hazikujazwa? Zilikuwa zimejazwa.

Kilichonifaa baadaye ni mpango wa Au-pair wa Ujerumani, ambapo unaishi na familia, unawaangalia watoto kwa muda usiozidi saa 30 kwa wiki, nawe unapewa chumba, chakula, bima na pesa za mfukoni, euro 280 kwa mwezi. Unatakiwa uwe hujafikisha miaka 27 unapoomba, na ujue Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa. (Ukienda ukidhani utajenga nyumba kwa euro hizo, utarudi umenuna.) Familia niliitafuta mwenyewe mtandaoni, bila wakala.

Hicho Kijerumani usikidharau. Nilikisomea Goethe-Institut, kituo cha kufundishia Kijerumani jijini Nairobi, pale Maendeleo House, jioni baada ya kazi, na mara nyingi nilifika nyumbani Kayole watu wameshalala. Siku ya mahojiano ya viza, ofisa aliyekuwa nyuma ya kioo aliacha Kiingereza ghafla, akaniuliza kwa Kijerumani ningefanya nini mtoto mdogo akikataa kula. Nilimjibu kwa sentensi mbili, ya pili ikiwa na kosa ambalo nililisikia likinitoka, naye akaandika kitu akaendelea na swali jingine.

Upo pia mwaka wa kujitolea katika hospitali au makao ya wazee hukohuko Ujerumani, unaomfaa zaidi anayetaka kuingia uuguzi. Na wakala yeyote wa ajira za nje, hata mwenye ofisi nzuri, mtafute kwanza katika orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Iwapo umekwisha kutoa chochote, rudi kesho pamoja na mtu mzima mwenzako, umwombe wakala aandike kwenye risiti jina kamili la viza anayokuuzia. Akikataa kuliandika, dai pesa zako kabla hujatoka mlangoni.