Gari linachemsha leo, kesho limetulia

SWALI: Ndugu fundi, nina Toyota Premio yenye injini ya 1ZZ. Siku nyingine mshale wa joto hupanda nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Jinja, siku nyingine natoka Kampala mpaka Masaka bila shida yoyote. Kila nikilifikisha gereji, linakuwa limetulia. Fundi wangu anataka kung'oa thamosteti na kuitupa. Nimkubalie?
Msomaji, Nakawa

JIBU: Usimkubalie, ndugu. Bila thamosteti, yaani vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata joto, injini huchelewa kupata joto lake na kunywa mafuta zaidi. Tena kwenye baadhi ya injini maji huzungukia ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha kuliko mwanzo.

Dalili zako zinaelekeza kwenye feni. Ukiwa mwendoni upepo unapoza rejeta; kwenye foleni feni ndiyo tegemeo peke yake. Liache gari likinguruma limesimama, bila kiyoyozi, kwa dakika 20 hivi. Feni inapaswa kuwaka na kuzima yenyewe kabla mshale haujavuka katikati. Ikigoma, washa kiyoyozi. Ikizunguka sasa, mota ni nzima na wa kuchunguzwa ni sensa ya joto na nyaya zake. Ikigoma bado, angalia fyuzi, kisha badilisha rilei ya feni (swichi ndogo inayoipelekea umeme) na nyingine ya namba ileile kwenye kisanduku hichohicho. Bado? Zima gari, chomoa soketi ya mota na uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri.

Kipimo hiki kifanywe injini ikiwa ya moto, maana mota nyingi zilizochoka huzunguka vizuri zikiwa baridi. Kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zikiisha, mota ikisimama vibaya haiondoki mpaka uigonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiondoka kwa kugongwa, umempata mwizi: badilisha mota. Weka vidole mbali, huondoka ghafla.

Cha pili ni mfuniko wa rejeta, ambao watu hupenda kuudharau. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 tu, karibu na joto la kawaida la injini. Mfuniko mzima, ulioandikwa namba ya shinikizo 0.9 au 1.1, hubana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 115. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, maji hutokea kwenye tangi la akiba na hayarudi. Anayepanda Kabale ataumia zaidi. Mfuniko mpya ni bei ndogo kuliko kipimo chochote cha gereji. Nunua wenye namba ileile, na usiufungue wa zamani injini ikiwa ya moto. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono.

Thamosteti ipime, usiihukumu. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82, na ifunge ikipoa. Rudia mara tatu. Inayokwama mara moja kati ya tatu haifai.

Ukirudisha maji, changanya kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Washa hita kwenye joto la juu, acha mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, ongeza taratibu mpaka feni iwake mara mbili. Hewa iliyobaki ndani nayo hupandisha mshale na kuushusha bila mpango.

Kama baada ya hapo mapovu yanaendelea kutoka kwenye rejeta, au mpira wa juu unakuwa mgumu dakika mbili tu baada ya kuwasha asubuhi, gesi inavuja kupitia gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Hapo usiliendeshe tena: hedi ikipinda, gharama huongezeka maradufu.