Kodi ya zuio kwenye fremu ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji

Mkuu, umeuliza kama kodi ya zuio kwenye pango la fremu (chumba cha duka) inatoka mfukoni mwako wewe mpangaji. Hapana, hiyo asilimia 10 ya pango ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji kazi yake ni kuikata kwenye pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Pango likiwa milioni 1 kwa mwezi na umelipa mwaka mzima kwa mkupuo, kama Kariakoo wanavyotaka, unamkabidhi milioni 10.8, na milioni 1.2 inakwenda serikalini ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kuisha. Mpe na cheti cha zuio, maana ni ushahidi kwamba kodi yake imekatwa.

Nafanya hesabu za maduka, na ugomvi huwa ni uleule, mwenye nyumba anasema: "Mimi nataka milioni 12 yangu kamili, mambo ya TRA utajua mwenyewe." Ukikubali, hiyo milioni 12 inakuwa asilimia 90 tu ya pango: pango lako halisi limeshakuwa milioni 13.33, na zuio ni milioni 1.33. Yaandike hivyo kwenye mkataba kabla hujasaini. Usipokata, TRA watakudai wewe, na riba juu.

Hapa nazungumzia mpangaji anayefanya biashara. Na kilemba, yaani pesa unayompa mpangaji anayeondoka ili akuachie fremu, ni habari nyingine kabisa: mara nyingi hakina risiti, kwa hiyo usitegemee kukiingiza kwenye gharama za biashara siku ya makadirio ya kodi.