Kabla ya Kuiga Mabondia wa Zamani, Jipime Urefu

Nilianza kujifunza ngumi Mbeya nikiwa na urefu wa sentimita 165, na bondia niliyemwiga alikuwa Muhammad Ali, mtu wa sentimita 191. Nilishusha mikono kama yeye, na kila konde liliponijia niliegemea nyuma ili lipite mbele ya uso wangu. Jioni moja, katika ukumbi mdogo wa mazoezi karibu na Mwanjelwa, nilipangiwa kijana aliyenizidi kichwa kizima, na konde lake la kushoto likanifikia kila nilipoegemea, kwa sababu mkono mrefu humfuata kwa urahisi anayerudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Mbinu ya Ali ilimfaa Ali, ambaye kichwa chake kilikuwa mbali na mpinzani tangu mwanzo na miguu yake ilikuwa myepesi mno.

Bondia mfupi hana budi kuingia ndani, na wa kujifunza kwake ni Joe Frazier, ambaye tarehe 8 Machi 1971, jijini New York, alimwangusha Ali huyo huyo katika raundi ya 15 kwa konde la kushoto la kuzungusha, akashinda kwa pointi. Vijana wengi wanaomwiga huinama kwa kiuno huku macho yakitazama sakafu, na hapo hukutana na konde linalopanda kutoka chini. Kuinama ni kazi ya mapaja: magoti yakunjwe, macho yabaki kifuani mwa mpinzani, na kichwa kinapohamia upande mmoja, uzito wa mwili uhamie mguu wa upande huo, kisha konde litokee huko huko. Ukishafika ndani, anza na mbavu, maana mwenye mikono mirefu akiishusha kuzilinda, kidevu chake hubaki wazi.

Mtindo huu unachosha sana, hasa kwetu Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgeni kutoka pwani huanza kuhema mapema. Mimi hufunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta kwa kimo cha bega, nikapita chini yake kulia na kushoto kwa raundi tatu za dakika tatu, bila kunyoosha magoti. Katika baridi ya Juni na Julai, tafadhali upashe mwili joto kwanza, kwani magoti hayasamehe.

Kwa mrefu mambo ni kinyume. Kijana mmoja wa Uyole ninayemsaidia, mwenye sentimita 186, alikuja akijikunja kama Mike Tyson, ambaye ana sentimita 178 hivi, na kwa kufanya hivyo aliutupa urefu wa mikono yake. Nilimrudisha kwenye konde la kushoto lililonyooka, kisha nikamweleza habari za Jack Johnson, bingwa wa dunia wa uzito wa juu tangu 1908, aliyekuwa hodari wa kuikamata mikono ya mpinzani kabla konde halijatoka.

Hata hivyo, urefu hupimwa kwa aliye mbele yako. Jack Dempsey alikuwa na sentimita 185 hivi, lakini tarehe 4 Julai 1919 alikutana na Jess Willard, aliyekaribia mita mbili, akapigana kwa kujikunja na kumwangusha mara saba katika raundi ya kwanza. Ndiyo maana kijana wangu wa Uyole, akipangiwa mtu anayemzidi kimo, mimi humfungia naye ile kamba ya kupita chini yake.