Maswali na Majibu: Kitabu Ulichokipenda, Mwenzako Hakifungui

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara Mjini. Kila ninaposoma kitabu kizuri huwaeleza wenzangu saa ya chai, na ndugu zangu huwaazima nakala. Juzi, baada ya kukirudia Kusadikika cha Shaaban Robert, nilimpa shemeji yangu anayepakia shehena bandarini, na nakala ya pili nikampelekea baba yangu mdogo, mkulima wa korosho Newala. Shemeji amekirudisha baada ya kurasa chache akisema kina hekima nyingi. Baba mdogo amekiweka juu ya kabati. Je, watu wetu hawapendi kusoma, au mimi ndiye sijui kupendekeza?
Mwalimu, Mtwara

JIBU: Mwalimu, jibu la shemeji yako ni la heshima, lakini maana yake ni kwamba kitabu kimemshinda, na sioni sababu ya kumlaumu yeye wala Shaaban Robert. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni kitabu cha hoja: Karama anajitetea barazani kwa kusimulia, mmoja baada ya mwingine, habari za wajumbe 6 waliosafiri kwa ajili ya nchi yao wakaishia kuadhibiwa. Wewe unayekirudia unaifurahia lugha ile, ilhali mtu aliyeshinda juani na shehena anafungua ukurasa wa kwanza bila kujua anaingizwa katika nini. Umewapa watu wawili wasiofanana kitabu kimoja kwa sababu kilikupendeza wewe. Kabla ya kuchagua kitabu, jiulize mtu huyo huzungumza nini akikaa na wenzake jioni.

Shemeji ningempa Kuli cha Adam Shafi, cha mwaka 1979. Rashidi, mhusika mkuu, ni kuli katika bandari ya Unguja, na nyuma ya riwaya hiyo upo mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Usimwambie kwamba ni kazi muhimu katika fasihi ya Kiswahili, kwani maneno hayo yananuka mtihani. Mwambie tu kwamba kuna kijana wa bandarini anayeanza kuuliza kwa nini jasho lake linalipwa kidogo hivyo, kisha unyamaze. Mambo ya zamu, ujira na msimamizi mkali anayafahamu kuliko wewe, na ninatarajia kwamba atakuja kukusahihisha.

Kwa baba mdogo ningechagua Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi, upande wa Kilwa, mwezi Julai 1905, pale watu walipong'oa pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima. Mkulima wa zao la biashara, ambaye kila msimu husubiri mnada umwambie korosho zake zina thamani gani, hatahitaji kufafanuliwa uchungu huo. Tena tamthilia hii haiishii kwenye vita, bali inamfuata mtu aliyetoa neno likawaunganisha watu, kisha neno lenyewe likamponyoka. Mtahadharishe mapema kwamba mwandishi mwenyewe amesema Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia, la sivyo mzee atakifunga kitabu mara tu kitakapopingana na aliyoyasikia kwa wazee wake. Na pengine (hukulitaja hili) tatizo ni macho tu. Kwa kuwa tamthilia ni mazungumzo, wajukuu wawili wanaweza kugawana wahusika wakamsomea kwa sauti, naye akawa anawakatiza apendavyo.

Jambo moja zaidi: ukishaazima, usiwe unauliza kila wiki "umefika wapi?" Huo ni usimamizi, na shemeji yako anao wa kutosha kazini. Andika jina lako ndani ya jalada, uendelee na kitabu chako.

SWALI: Ndugu Mhariri, je, ni vibaya kumsifia mtu kitabu ambacho sijakimaliza? Ninasoma Peponi na nimeshindwa kunyamaza.
Msomaji, Lindi

JIBU: Si vibaya, almradi useme ulipofika. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, inaanza na kijana Yusuf anayechukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Ukimwambia mwenzako kwamba umemwacha Yusuf njiani na msafara unaoelekea bara, na kwamba hujui kama atarudi akiwa mtu huru, umempa sababu nzuri ya kukitafuta kuliko sifa za jumla. Makisio yako juu ya mwisho yaweke moyoni. Naye akikuwahi kumaliza, mkataze kabisa kukuambia Yusuf anaamua nini katika ukurasa wa mwisho.