Maswali na Majibu: Wakala wa Bima na Kalenda Yake

Barua za safari hii zimetoka karibu zote kwa mawakala wa bima, hasa wa bima za magari, na malalamiko yao yanafanana: kazi ni nyingi, siku ni fupi, na mwisho wa mwezi kamisheni hailingani na jasho. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kumfaa pia wakala ambaye hakuandika.

Shikamoo, mwandishi. Nina wateja wapatao mia mbili, wengi wa magari. Kila mwezi nagundua kwamba baadhi yao wamekwisha kukata bima mpya kwa wakala mwingine bila kuniambia. Niwapange vipi? (Wakala, Mwanza)

Marahaba. Nadhani wateja wako umewapanga kwa majina au kwa namba za magari, ilhali kazi yetu inaendeshwa na tarehe. Chukua orodha yako yote uipange upya kwa tarehe ya kuisha bima, mwezi kwa mwezi, na mbele ya kila jina uandike namba ya simu, gari, kama ni bima ndogo (inayofidia tu madhara anayowasababishia wengine) au bima kubwa (inayofidia na gari lake mwenyewe), kampuni, na kiasi alicholipa mara ya mwisho. Tarehe mosi ya kila mwezi ufungue ukurasa wa mwezi unaofuata, kwa sababu ukurasa wa mwezi huu ulipaswa kuwa umekwisha kushughulikiwa.

Mteja wa bima ndogo anatosheka na taarifa ya wiki mbili kabla, lakini wa bima kubwa anahitaji mwezi mzima, na sababu ni fedha. Mwenye gari la thamani ya Sh 20,000,000, kama kiwango alichopangiwa ni asilimia 3.5, ana ada ya Sh 700,000. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, anatakiwa kutoa Sh 826,000. Ni watu wachache walio na kiasi hicho mfukoni siku unapowapigia, na ukimpigia siku tatu kabla ya bima kuisha utakuwa unamsukuma ama achukue bima ndogo, ama aende kwa wakala atakayemwahidi unafuu usioeleweka.

Simu ya kwanza isiwe ya kumkumbusha tu kwamba bima inaisha. Mpigie ukiwa na hesabu mkononi: thamani ya gari mwaka huu, ada inayotokana nayo, na lolote lililobadilika katika matumizi ya gari, kwa mfano kama gari la nyumbani sasa linabeba abiria au mizigo kwa malipo. Ukikuta thamani iliyoandikwa ni ile ya miaka mitatu iliyopita, irekebishe kabla ya kutoa bei, kwa maana mteja hulipia thamani kubwa bure wakati kampuni itamfidia kwa bei ya soko. Kwa bima ya moto ya duka au ghala hatari huwa upande wa pili: mwenye mali ya milioni 40 aliyeikatia bima ya milioni 20 anaweza kulipwa nusu tu ya hasara yake, hata kama kilichoungua ni sehemu ndogo, kwa sababu mikataba mingi ya namna hiyo ina kifungu cha wastani, yaani fidia hupunguzwa kwa uwiano wa thamani iliyokatiwa bima.

Baada ya kila simu andika alichosema na tarehe ya kumpigia tena. Wengi wetu huandika “nitampigia” bila tarehe, na maneno hayo hayana kazi yoyote katika daftari. Kabla ya kumpigia mteja unayemhofia kuwa amekwisha kuhama, tazama namba ya gari lake kwenye mfumo wa uhakiki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ambao mwananchi yeyote anaweza kuutumia. Ukikuta ana stika mpya, usimfute. Andika tarehe mpya ya kuisha, kisha umtafute mwakani mwezi mmoja kabla. Aliyehama kwa sababu hakukumbushwa hurudi kwa urahisi akikumbushwa mapema.

Wateja wangu ni wakulima wa korosho. Bima zao nyingi huisha mwezi wa sita au wa saba, wakati hawana hata shilingi. Nifanyeje? (Wakala, Masasi)

Swali lako limenifurahisha, kwa sababu linagusa jambo ambalo mawakala wa mijini hawalioni. Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, kwa hiyo mkulima anayedaiwa ada mwezi wa sita ataendesha gari au pikipiki bila bima hadi msimu ufike, naye si kwamba anadharau sheria. Mteja mpya anayekuja kwako katika msimu, mwanzishie bima msimu huohuo, na mwakani tarehe itaangukia mahali pazuri yenyewe. Kwa wale wa zamani, iulize kampuni kama inaweza kutoa bima ya muda mfupi ya kufikisha Oktoba au Novemba, kisha mwaka kamili uanzie hapo. Umweleze mteja waziwazi kwamba bima ya muda mfupi kwa kawaida hutozwa zaidi ya uwiano wa siku zake, ili asidhani umemlangua. Ni gharama ya mara moja.

Mawakala wa Shinyanga na Simiyu wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuufuata msimu wa pamba. Na kila mahali, iogopeni Januari: ni mwezi wa ada za shule, na bima inayoisha Januari inafaa izungumzwe mwanzoni mwa Desemba, kabla ya sikukuu kumaliza akiba.

Siku yangu yote huishia barabarani: asubuhi Tegeta, mchana Mbagala, jioni Posta. Nikihesabu, nimeonana na watu watatu. (Wakala, Dar es Salaam)

Tegeta iko kaskazini ya jiji na Mbagala iko kusini. Aliyeziweka katika siku moja ni wewe, ndugu yangu, wala si foleni. Kila upande upe siku yake: Tegeta hadi Mwenge siku moja, Temeke na Mbagala siku nyingine, Kariakoo na Posta kwa pamoja. Mteja akiomba umfuate siku isiyo ya upande wake, mwambie siku utakayokuwa huko. Wengi hukubali, kwa kuwa nao wana shughuli zao.

Kisha jiulize ni safari zipi zinazostahili kuwa safari. Kuhuisha bima ndogo hakuhitaji nauli, kwa kuwa mazungumzo, malipo na stika vyote hupita kwenye simu. Miguu yako itunze kwa ajili ya bima kubwa ya gari jipya, ambalo lazima likaguliwe na kupigwa picha, kwa ajili ya maduka na maghala, ambayo huwezi kuyatolea bei bila kuyaona, na kwa ajili ya vikundi na vyama vya ushirika, ambako kikao kimoja kinaweza kukupa wateja kumi. Kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, muulize kila mmoja saa anayopumua, uiandike kando ya jina lake. Ukimwendea wakati wanunuzi wa mikoani wamejaa dukani, utasubiri kwenye benchi hadi uchoke, na utakapopata nafasi atakuwa hana hamu ya kukusikiliza.

Je, ni watu wapya wangapi ninaopaswa kuwapigia kwa siku? (Iringa)

Atakayekutajia idadi bila kuziona kumbukumbu zako anakubahatishia. Hesabu miezi mitatu iliyopita: uliongea na wangapi, ukawapa bei wangapi, wakalipa wangapi. Uwiano huo ni wako peke yako, na ndio unaokuonyesha uongeze simu, au ujifunze kutoa bei vizuri zaidi kwa wale unaowapata tayari.

Wateja hunitumia ada kwenye simu yangu, nami huilipa kampuni baadaye. Mara nyingine namlipia mteja kwanza, anirudishie mwisho wa mwezi. Kuna ubaya? (Dodoma)

Upo, na ni mkubwa. Ada ya bima unaipokea kwa niaba ya kampuni; ikikaa kwenye laini moja na fedha yako ya mboga, siku moja utaitumia bila kukusudia, wakati mteja yuko barabarani akiamini ana bima. Akigonga mtu kabla hujaiwasilisha, utamweleza nini, na utaieleza nini kampuni? Mpe mteja namba ya malipo ya kampuni, alipe mwenyewe, wewe usubiri risiti. Pale ambapo hakuna njia nyingine, uwe na laini ya pekee kwa kazi hiyo na uiwasilishe fedha siku ileile.

Kuhusu kuwakopesha wateja, acha mara moja. Ukishamlipia, kampuni imepokea ada yake yote na haina deni na mtu, ila wewe ndiye unayemdai mteja ambaye tayari amepata alichokitaka, na utatumia kumdai saa ambazo ungezitumia kuuza. Nimewaona mawakala hodari wakiiacha kazi hii kwa madeni ya namna hiyo zaidi kuliko kwa kukosa wateja.

Simu yangu imejaa picha za kadi za magari na vitambulisho. Nikihitaji moja siipati. Na kumbukumbu zangu niziweke kwenye daftari au kompyuta? (Arusha)

Fungua jalada moja kwa kila mteja, na ndani yake kila picha uipe jina lenye aina ya hati na mwaka. Jalada liwe la mtu, lisiwe la gari, maana magari huuzwa. Na mteja akiuza gari lake, iarifu kampuni, kwa sababu bima haimfuati mnunuzi hivihivi. Ukishahifadhi, futa picha zilizobaki kwenye simu, wala usizitupe kwenye makundi ya WhatsApp ya mawakala ili uombe bei. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kitambulisho cha mteja ulichopewa kwa ajili ya bima hakikutolewa kwa kazi nyingine. Kama ni daftari au kompyuta, jambo ambalo pia umeliuliza, tumia unachokifungua kila siku, ila daftari lipigwe picha kila Ijumaa, kwa kuwa madaftari hupotea kwenye daladala.

Mteja akipata ajali, simu yangu haipumziki kwa wiki nzima na mauzo husimama. (Morogoro)

Andaa ujumbe mmoja sasa hivi, kabla ya ajali, utakaoutuma kwa kila anayekupigia: aite polisi wa usalama barabarani, apige picha za magari kabla hayajasogezwa kama ni salama kufanya hivyo, waliojeruhiwa wapatiwe PF3, fomu ya polisi kwa ajili ya matibabu, asikiri kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na asilipeleke gari kwa fundi kuanza matengenezo kabla mkaguzi hajaliona. Siku hiyohiyo iarifu kampuni kwa maandishi, kwa kuwa taarifa ya mdomo huwa haina mwenyewe mambo yakigeuka.

Kisha fungua ukurasa wa dai hilo uandike kila hati iliyokabidhiwa, tarehe, na jina la aliyeipokea. Mwambie mteja kwamba utampa taarifa Jumanne na Ijumaa jioni, hata kama hakuna jipya, na utimize. Anayejua siku ya kusikia habari hupiga simu mara chache. Saa za asubuhi za kuwapigia wanaohuisha zibaki palepale hata wiki ya ajali. Na dai likikwama kwa ubishi ambao kampuni na mteja hawaumalizi, mweleze kwamba ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, umkabidhi nakala ya ukurasa wako wa dai, kwa maana huko ataulizwa tarehe hizohizo.